Bati la Kumi na Mbili

Siku tuliyomzika baba kibanjani, nyuma ya nyumba, katibu wa chama cha kuzikana alisoma wasifu wa marehemu, karatasi mbili nzima. Alipofika pale pa "marehemu alikuwa mtu wa watu", mama, aliyeketi mkekani na kitenge chake cha kijani, akanong'ona bila kuinua kichwa: "Na mabati yangu nayo yalikuwa ya watu." Dada yangu akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Waliokuwa mbali walidhani analia.

Neno lile lilianzia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, Kagera ilipotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Bukoba mjini watu walikufa, nyumba zikabomoka kwa mamia, shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Kwetu Kaagya lilianguka jiko la mama. Ukuta wa tope ulikaa chini taratibu kama mzee aliyechoka, na paa la nyasi likaukalia juu, maharage yakiwa bado motoni.

Baba mwingine angeanza na jiko la mkewe. Wetu alianza na nyumba ya mjane wa jirani, akaenda kwa mwalimu mstaafu, kisha kwa mtu ambaye hata salamu walikuwa hawapeani vizuri kwa sababu ya mpaka wa kibanja. Alikuwa anaamka saa kumi na moja, anakata nyasi za kutandaza migombani kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi, anapunguza machipukizi, anaondoa majani makavu. Jua likipanda anabeba panga na kwenda kujenga kwa watu. Tena ndiye alikuwa mwekahazina wa chama, kwa hiyo masufuria makubwa ya misiba yalilala chini ya kitanda chao, na turubai la matanga lilikunjwa nyuma ya kabati. Mama alipika nje, kwenye mafiga matatu, mwavuli mkononi.

Mwezi Novemba, kwa pesa ya kahawa, akaleta mabati kumi na mawili, geji 30. Mama aliyahesabu mara mbili, akayapangusa vumbi. Fundi angekuja Jumatatu. Ila Jumamosi tulikuwa na safari ya ukweni, upande wa Muleba, kupeleka maneno ya posa ya kaka yetu, na mtu wa kwetu haendi ukweni bila rubisi. Ndizi za pombe, embiile, zilikuwa zimeivishwa shimoni, zikakanyagwa kwenye mtumbwi, mtama ukachanganywa, na pombe, kwa kukosa jiko la kuihifadhi, ikawekwa kwenye pipa uani na kufunikwa majani ya mgomba.

Alhamisi usiku wakaja senene.

Aliyekulia kwetu anajua kwamba senene wakianza kushuka, akili za watu hupanda. Vijana wa jirani walikuwa na jenereta na taa kubwa. Walichokosa ni mabati na mapipa. "Usiku mmoja tu," baba alimwambia mama, "na nusu ya mauzo inaingia mfuko wa chama." Mabati mapya yakasimamishwa kuzunguka mapipa, yakaelekezwa kwenye mwanga, senene wakija wanagonga, wanateleza, wanatumbukia. Mvua ya miguu na mabawa! Pipa moja likakosekana. Baba akakumbuka lile la uani, akafunua majani gizani, akaona linang'aa maji, akadhani ni la kukingia mvua. Wiki ile nzima alikuwa na mafua, pua haimwambii kitu. Mabati matatu yakaegemezwa hapo.

Asubuhi mama alifunua pipa la ukweni. Senene walikuwa wamejaa juu, unene wa kiganja, wamelewa kabla ya wakwe.

Kupika upya hakukuwa na muda. Baba akatafuta kitambaa cha kuchujia, akakipata kwenye kamba: kitenge cha mama cha kutokea, cha pekee. Walichuja tangu saa mbili hadi adhuhuri. Mama hakusema neno, na hapo ndipo tulipojua kwamba mambo ni mabaya.

Ukweni tulipokelewa vizuri, tukatafuna kahawa, hotuba zikaenda na kurudi. Mzee wa upande ule akashika kibuyu, akavuta mrija. Akavuta tena. Mrija umeziba. Akaupuliza, akautazama, akatoa ndani yake mguu mmoja wa senene, mrefu, wenye miiba yake, akauweka kiganjani wote tuuone. Baba alitazama miguu yake mwenyewe.

"Waitu," mzee akasema taratibu, "kwetu mke humpelekea mume senene, na mume hutoa nguo. Leo nimepelekewa na wakwe. Mnanitaka nguo?"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Mzee akaita ndani, kikaletwa kitenge cha kijani, akapewa mama. Posa ilikubaliwa siku ileile. Tangu hapo, baba akisahau kumnunulia mama kitu, mama alimwambia anaye mwanamume huko Muleba anayejua mila.

Fundi alipopaua jiko, mabati yalikuwa kumi na moja. Alfajiri ile ya senene, wakati wengine wanajaza magunia, baba alikuwa amelibeba moja kichwani hadi kwa bibi mmoja aliyekuwa bado analala chini ya turubai. "Litarudi," alimwambia mama. Pembe ya jiko ikazibwa kwa nailoni. Kila masika ilivuja, kila mvua mama alisogeza sufuria, na kila mara baba, akiwa anakunywa chai yake pale mlangoni, alisema litarudi.

Matanga yalipoisha niliona hili siliwezi tena. Nilikwenda Bukoba, nikanunua bati moja zuri, nikaliegemeza ukutani, nikamwahidi mama kwamba kesho yake ningepanda juu mwenyewe.

Kesho yake nilikuta ukuta mtupu. Ilikuwa imenyesha usiku, na paa la choo cha jirani mmoja lilikuwa limeondoka na upepo. Mama alikuwa jikoni, anasogeza sufuria chini ya tundu.

"Litarudi," akasema.