Kamba ya Ami

Ami alitaka kamba ya taa za harusi inyooke kabisa. Kwa kuwa binti ni wake, na kulabu zote mbili kazigongomea mwenyewe katika kuta za matumbawe, hakuna aliyethubutu kumpinga ila mdogo wangu, aliyekuja Lamu likizo na laptopu.

“Ami, kamba hainyooki. Uzito wake huipinda, na mpindo wenyewe ni wa cosh.”

“Huyo Koshi ni mtoto wa nani?”

Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, kwa hiyo somo likaniangukia. Cosh ni mojawapo ya fankisheni za haipaboli. Galileo aliona kamba inayoning'inia inafanana na parabola. Mwaka 1691 Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli wakaonyesha umbo lake halisi. Ami akasema yeye kafunga kamba za majahazi kuwashinda wote wanne, na sidhani kama yupo wa kumbishia.

Mdogo wangu akafungua Python, akaita maktaba ya math. Kipimo cha mpindo hakijulikani, hivyo mtu hubahatisha, kisha programu husahihisha hatua kwa hatua. Akabahatisha 0.005. Kulabu hadi kulabu ni mita 8. Nusu yake ukiigawa kwa 0.005 unapata 800, na cosh ya 800 haibebeki. Ukivuka 710 hivi, jibu linaipita namba kubwa kabisa ambayo desimali za kawaida za kompyuta zinaweza kuishika, yenye tarakimu 309. Programu ikakatika.

“Hata mashine imekataa!” Ami akafurahi kwelikweli.

Mdogo wangu akabahatisha 10. Jibu likaja, na hadi leo linanikera: kamba ya mita 8.1, yaani ziada ya sentimita 10 tu, hushuka sentimita 55 katikati. Ziada ikibaki sentimita 1, bado inashuka 17. Na kila ukipunguza mshuko kwa nusu, mvuto kwenye kulabu unakaribia kuongezeka maradufu. Ya kunyooka kabisa haipo duniani.

Ami akaita vijana watatu, wakavuta. Kulabu ikachomoka na bonge la chokaa, taa zikamwangukia punda aliyekuwa akipita na shogi za mchanga, naye akatimua mbio kuelekea gatini, kapambwa kumshinda bibi harusi, mchanga ukimwagika njia nzima.

Mwenye punda akaja kudai mchanga wake. Ami akamwelekeza kwa mwenye laptopu.