Barabara Bila Magari

Wenzetu wa Uholanzi wametumia akili na fedha nyingi kujenga njia za baiskeli kando ya mito, mahali tambarare, pasipo honi wala moshi. Hongera zao. Sisi wa Buzebazeba, huku Kigoma, tunazo siku nyingi, ila hatujui kujitangaza. Shuka bonde la Mto Luiche, kusini mwa Ujiji, masika yakiwa yamekolea: tambarare hadi Ziwa Tanganyika, na gari hulioni. Uholanzi magari huzuiwa na kibao; kwetu huzuiwa na tope, askari asiyejua kupokea chochote.

Mkulima wetu naye ni mwanamichezo kamili. Kaptura ya kubana hana, jembe analo. Akirudi, keria imebeba gunia la mpunga. Medali hapewi, na makofi anajipigia mwenyewe, ya mbu.

Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Mheshimiwa atakayekuja kutuhutubia siku hiyo karibu sana. Tunamwomba tu shangingi aliache Ujiji. Akiona mbali, apande kwenye keria, nauli tutaelewana.