Namna ya Kushusha Pazia la Rola Ukiwa Tunduma

Kwanza tafuta dirisha linalostahili. Tunduma, mji wa mpakani, hilo halisumbui: chukua chumba cha chini katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, na utapewa dirisha linalotazama foleni ya malori, shaba ikielekea Dar es Salaam, mafuta yakielekea Zambia na Kongo. Dereva aliyeketi juu kwenye kichwa cha lori anakuona mpaka viatu ulivyosukumia chini ya kitanda. Zamani hapo ilitundikwa kanga, kwa kamba na misumari miwili, na haikuwahi kumshinda mgeni yeyote. Ndiyo maana mwenye nyumba ameiondoa.

Rola la siku hizi ni kitambaa kilichoviringishwa kwenye bomba la aluminiamu, na mnyororo wa shanga za plastiki unaning'inia pembeni. Vuta upande wa mbele, pazia linashuka. Vuta wa nyuma, linapanda. Au kinyume chake, kutegemea fundi alikuwa anazungumza na nani kwenye simu siku ya kulifunga. Likigoma, usifikiri, ongeza nguvu. Ndani ya kichwa cha plastiki kinachoshika mnyororo kuna springi iliyoubana mhimili: kitambaa kikitaka kushuka kwa uzito wake, springi inazidi kubana, ukivuta mnyororo, inalegea. Ni forodha kamili. Mzigo haupiti kwa kujisukuma wenyewe, mpaka wakala avute kutoka upande wake.

(Hapa sitanii: mnyororo huo ukiachwa ukining'inia unaweza kumnyonga mtoto. Ufungwe ukutani kwa kibanio chake, na kitanda cha mtoto kikae mbali na dirisha.)

Kuhusu vipimo, mwachie fundi apime kwa macho. Kitambaa siku zote ni chembamba kuliko rola zima pamoja na vichwa vyake vya pembeni, kwa hiyo pazia likikaa ndani ya fremu lazima mwanga upenye pande zote mbili, upana wa kidole hivi. Dawa yake ni kulifunga nje ya fremu na kulizidisha upana. Ukimlalamikia fundi kuhusu mwanya, atakujibu, "Bosi, hapo nimeacha pa kupitisha hewa."

Saa ya kushusha utachagua mwenyewe. Tunduma saa moja jioni bado kuna mwanga, na hatua chache tu mbele, Nakonde upande wa Zambia, ndiyo kwanza saa kumi na mbili. Ukiulizwa kwa nini umefunga dirisha mapema, sema unafuata saa ya Tanzania. Asubuhi ukiulizwa mbona saa moja imefika na pazia liko chini, sema unafuata ya Zambia.

Sasa tuje kwenye lile lisilo na mnyororo, maana ndilo lililonikuta mimi. Hili ni la kizamani. Mmarekani Stewart Hartshorn alipata hataza ya rola lake la springi mwaka 1864, na naamini hakuwahi kulala kando ya foleni. Nilivuta, likashuka vizuri. Nikaachia. Likaruka juu kwa kishindo, likajizungusha mara tatu na kunipiga kofi la vumbi la Agosti, nami nikabaki nimesimama na taulo mbele ya dereva wa lori la mafuta. Nikarudia. Mara ya nne mhudumu akagonga mlango.

"Shikamoo, baba. Hilo halitaki haraka. Ukishalishusha, lirudishe juu kidogo, taratibu. Likilia *ka*, achia."

Likalia ka. Kumbe kwenye ncha ya bomba kuna vijino vinavyoanguka kwa uzito wao na kunasa kwenye pengo pale bomba linapozunguka polepole. Likizunguka kwa kasi, vijino vinarushwa nje na havipati pa kushika. Yaani ni mtambo unaowatii wapole na kuwatoroka wenye pupa, ukafungwa kwenye mji ambao kila mtu ana haraka na hakuna anayeondoka. Yule dereva, aliyekuwa hapo tangu juzi, angeliweza kwa mara ya kwanza.

Nikawasha taa, nikabadilisha nguo kwa raha, nikasali, nikahesabu kwacha zangu kitandani, nikalala.

Nilisahau kitu kimoja, nawe usikisahau: angalia kitambaa. Kile chenye vitundu vidogovidogo mchana kinakuonyesha nje bila wa nje kukuona. Usiku, taa ikiwaka ndani, mambo yanageuka.

Asubuhi foleni ilikuwa haijasogea. Dereva alishusha kioo.

"Za kulala, mzee? Ile noti ya hamsini uliyokuwa unaikagua kwenye taa, ni nzima. Usiwe na wasiwasi."