Soksi Iliyosimama Yenyewe, na Shida Nyingine za Wafumaji

Soksi ya kufumwa kwa mkono huanzia shingoni na kuishia vidoleni, na shida za wanaoifuma hupita njia hiyohiyo. Malalamiko ya wafumaji wa Thika, Ruiru na vituo vya katikati yanajibiwa hapa kwa mpangilio huo: uzi kwanza, beseni la kufulia mwisho. Majina yamefichwa, maana wengi wanaolalamikiwa ni wakwe.

Kabla ya uzi kuna shida ya bei. Mfumaji wa Makongeni amefuma soksi za zawadi jioni baada ya jioni, na mumewe amemkumbusha kwamba kwenye steji jozi tatu zinauzwa shilingi mia. Anataka jibu la kumnyamazisha. Halipo, kwa sababu mume hesabu anaijua. Soksi ya steji imetoka kwenye mashine isiyochoka, na anayeshindana nayo kwa kufuma soksi nyeusi ya kwendea ofisini amejitakia hasara. Soksi ya mkono inapata nafasi pale ambapo hakuna kiwanda kitakachosimamisha mashine kwa ajili ya mtu mmoja: nanasi kwenye kifundo cha mama aliyestaafu kutoka mashamba ya mananasi ya Thika, au namba ya njia ya matatu, 237, kwenye nyayo za konda anayeijua barabara hiyo kuliko anavyoijua nyumba yake. Soksi zenye adabu zimejaa sokoni. Ya zawadi iwe na utundu, na utundu huo umhusu mvaaji kiasi kwamba jirani akiivaa aonekane ameiba.

Sasa uzi. Ruiru haina haja ya kuagiza uzi mbali, kwa kuwa kiwanda cha Spinners & Spinners kiko hapohapo, na mablanketi yake yamewahi kufunika nusu ya majirani. Uzi mwingi wa madukani ni wa akriliki. Ni wa bei nafuu, haurudi ukifuliwa, na nondo hawaushughulikii. Kasoro yake ni kwamba haunyonyi jasho vizuri, tena huyeyuka ukikutana na moto, kwa hiyo soksi ya akriliki haikaushwi juu ya jiko la makaa hata kama Julai imekataa kutoa jua. Pamba hunyonya jasho lakini hainyumbuki, na soksi yake hushuka hadi kwenye kiatu kabla mvaaji hajafika steji. Sufu ya kondoo ndiyo bora kwa soksi, na ndiyo iliyomletea matata msomaji wa Kimbo.

Msomaji huyo alinunua sweta ya mitumba, akaifumua, akamfumia guka yake soksi. Guka akazifua kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, akizisugua kama anavyosugua ovaroli. Sasa zinamtosha mjukuu wa miaka mitatu. Msomaji anauliza kama alitapeliwa. Hakutapeliwa hata kidogo, alipata sufu halisi kwa bei ya mtumba. Nywele za sufu zina magamba madogo ambayo, yakipata joto, maji na msuguano kwa pamoja, hushikana yasiachane tena. Mwenye shaka na uzi wake achome kipande kidogo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu la kusagika, na akriliki huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Siku nyingine kabla ya kulipia sweta ya mtumba aigeuze ndani na kutazama mshono wa ubavuni. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, uzi utafumuka kwa vipande vifupi visivyofaa kitu. Ikiwa kila kipande kilifumwa na ukingo wake, sweta nzima itafumuka kama mtu anayesimulia bila kukatizwa.

Sindano zimezua shida iliyoupa ukurasa huu jina lake. Waliosoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanakumbuka sayansi kimu, na wengi wanakumbuka sindano zilizotoka kwenye gurudumu la baiskeli. Spoku hukatwa kichwa na mkia, ikanolewa kwenye jiwe au sakafu ya saruji hadi ncha iwe butu kidogo, kisha ikasuguliwa ili isikwaruze uzi. Ni sindano nzuri sana, na kwa soksi zinahitajika nne au tano zenye ncha pande zote mbili, jambo ambalo spoku haikatai. Mwalimu mstaafu wa Section 9 alizitumia kufuma soksi kwa uzi mnene wa sweta, na sasa anaeleza kwa hofu kwamba soksi hizo zikiwekwa sakafuni zinasimama zenyewe. Hakuna jini hapo. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, na uzi mnene ukikazwa kwenye sindano nyembamba kiasi hicho hutoa kitambaa kigumu kama mkeka. Spoku ni za uzi mwembamba. Uzi wa sweta unataka sindano ya milimita 3 au zaidi kidogo. Zile zilizokwisha kusimama ziachwe zisimame: moja ishike kalamu, ya pili rimoti.

Wengi huruka kipimo, halafu hurudi hapa wakilia. Kwanza hufumwa kipande cha mraba cha majaribio na kuhesabiwa vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Kisha mguu wa mvaaji hupimwa mzunguko wake pale penye upana. Tuseme kipande kina vitanzi 24 na mguu una sentimita 22: hapo ni vitanzi 53 hivi. Hupunguzwa sehemu ya kumi, kwa kuwa soksi isiyobana kidogo itateremka, na 48 ndivyo vinavyoanzishwa. Kijana wa Membley anauliza atampimaje mama mkwe mguu bila kumshika mguu. Amtumie shemeji. Shemeji akikosekana, kiatu kilichoachwa mlangoni kitatoa urefu wa wayo, na upana ukadiriwe na mtu mwenye adabu.

Shingo ya soksi hufumwa kwa kupishanisha vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, kwa sababu mpangilio huo ndio unaonyumbuka kama mpira. Kazi ya kuanza ifanywe kwa mkono mwepesi. Mama wa Gatuanyaga ambaye soksi zake zinapita kila mahali isipokuwa kwenye kisigino alianza kwa kukaza, basi. Afumue sentimita za juu na kuzimaliza upya kwa sindano nene zaidi.

Chini ya shingo ndipo mapambo yanapoingia, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo zawadi inapopata uso. Mwanafunzi wa Juja alifuma matatu nzima kuzunguka mguu wa soksi: madirisha, taa, hata mchoro wa msanii ubavuni. Mpenzi wake aliipenda sana ila haikuingia mguuni. Sababu iko ndani. Rangi mbili zikifumwa pamoja, ile isiyotumika hupita kwa nyuma, na ikivutwa hukaza kitambaa kizima. Kwa hiyo uzi wa nyuma ulegezwe, usiruke zaidi ya vitanzi vitano bila kushikizwa (vidole vya mguu vina tabia ya kunasa kila kilicholegea), na soksi ya rangi mbili ianzishwe kwa vitanzi vingi kidogo kuliko ya rangi moja. Matatu yenye madirisha makubwa ni adui wa mfumaji, maana dirisha pana ni uzi mrefu wa nyuma. Mistari ya ulalo inafaa zaidi, na ndiyo maana nanasi hufumika kwa urahisi: misalaba ya kijani juu ya manjano kwenye mguu, na majani yakiwa vipande vilivyochongoka vinavyopinduka shingoni. Mwenye kroshia nyumbani ameshakutana na nanasi hilo kwenye vitambaa vya makochi, ambako limekaa miaka mingi bila mtu kuliuliza limefikaje.

Mwanafunzi huyo ana swali la pili. Amesikia kwamba ukimfumia mpenzi kitu, mnaachana. Wafumaji wa Ulaya na Marekani wana imani hiyo kuhusu sweta, na huizungumzia kama laana. Maelezo yake ya kawaida ni kwamba sweta hukawia kuisha kuliko baadhi ya mapenzi. Soksi huisha upesi. Aendelee.

Kisigino kinaogopwa bure. Nusu ya vitanzi, yaani 24, huachwa vikisubiri, na nusu iliyobaki hufumwa kwenda na kurudi safu 24, kitanzi cha kwanza cha kila safu kikihamishwa bila kufumwa ili ukingo uwe na mnyororo safi. Baadaye kitambaa hugeuzwa: hufumwa vitanzi 14, viwili vinaunganishwa, kimoja kinafumwa, kazi inageuzwa kabla safu haijaisha, upande wa nyuma kimoja huhamishwa, vitano vinafumwa, viwili vinaunganishwa, kimoja kinafumwa, inageuzwa tena. Kila safu humeza vitanzi vya pembeni hadi vinabaki 14 na kikombe cha kisigino kinajitokeza mkononi. Kutoka hapo huokotwa vitanzi 12 kwenye mnyororo wa kila upande, na duara huanza tena, vitanzi vya ziada vikipunguzwa hadi virudi 48. Fundi wa sweta za shule karibu na soko la Madaraka ameeleza kwamba amefanya hatua hizo zote na kisigino kimejitokeza mbele, juu ya kifundo. Alichagua nusu isiyofaa baada ya kuanza nanasi, kwa hiyo ama afumue, ama nanasi likae nyuma. Nanasi la nyuma huonekana na abiria wanaopanda matatu baada ya mvaaji, na hiyo nayo ni hadhira.

Sentimita 5 kabla ya mwisho wa wayo, vitanzi hupunguzwa vinne kila mzunguko wa pili hadi vibaki kama 16, kisha pande mbili huunganishwa kwa sindano ya kushonea ili pasiwe na ukingo wa kukwaruza vidole. Mshono huo unaitwa kwa jina la Kitchener, yule jemadari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati ambapo raia walihimizwa kuwafumia wanajeshi soksi. Umehusishwa naye zaidi kuliko ulivyothibitishwa kuwa wake.

Suala zito zaidi la vidole limeletwa na mjukuu wa Gatundu anayeishi Ruiru. Shosho yake huvaa soksi na patapata, alfajiri akienda kwa ng'ombe, na kila soksi hutobolewa na ule mkanda wa katikati ya vidole. Familia inamwambia ni aibu. Familia ikome. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London kuna soksi nyekundu za sufu kutoka Oxyrhynchus, Misri, za karne ya tatu hadi ya tano, zilizotengenezwa kwa mbinu ya sindano moja iliyotangulia ufumaji wa leo. Mbele zimegawanyika mara mbili, kidole gumba peke yake na vingine pamoja, ili zivaliwe na makubazi. Shosho yuko ndani ya desturi ya kale ya bara lake. Soksi yake igawanywe karibu na mwisho: theluthi ya vitanzi iende kwenye gumba, iliyobaki kwa vidole vingine, na katikati viongezwe vitanzi viwili au vitatu ili pasibaki tundu. Na kwa kuwa ni zawadi, gumba lifumwe rangi tofauti.

Soksi za watoto wachanga hazina kisigino kigumu wala shida ya upana, lakini zina hatari moja ya kweli. Uzi uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukata mtiririko wa damu, na mtoto hawezi kusema zaidi ya kulia. Soksi igeuzwe ndani nje kabla ya kutolewa, kila mkia wa uzi ufichwe na kukatwa. Vifungo vya macho ya sungura visiwekwe, bali macho yadariziwe. Wanaokwenda sherehe ya mtoto kule Kamakis na mipira ya manyoya kwenye soksi waifunge kwa uzi uliopita mara kadhaa, au waihamishie kwenye boshori ya mama.

Wengi hufikia soksi moja na kuishia hapo. Msomaji mmoja ana tisa, zote za kushoto, anasema, ingawa soksi ya aina hii haina kushoto. Dawa ni kuzifuma mbili kwa zamu: shingo na shingo, kisigino na kisigino. Zile tisa zitavaliwa na chupa za maji ya moto.

Mkwe mtarajiwa ameuliza kama soksi zinaweza kuchukua nafasi ya mablanketi siku ya ruracio, yaani ya mahari. Haziwezi. Ziwekwe juu ya mablanketi, zikiwa zimekunjwa, na asizitaje katika hesabu.

Soksi iliyokwisha kutolewa hufuliwa kwa maji baridi au ya vuguvugu, hukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, na hulazwa kivulini. Ikitoboka kisigino, huwekwa balbu iliyoungua ndani yake, nyuzi zikapitishwa wima na kisha kwa kupishana, mfumo wa kitambaa. Hivyo ndivyo afanye mama wa Juja Farm, ambaye mwanawe amemrudishia soksi zikiwa na matundu mawili. Anauliza kama hiyo ni dharau. Soksi ambayo haivaliwi haitoboki, kwa hiyo azibe matundu hayo kwa rangi nyekundu na kumrudishia.