Siri ya Kiunoni mwa Shemeji

Shemeji yangu anataka mguu wa kuku, na simaanishi wa kukaanga. Anataka bastola. Ananunua mpunga hapa Mngeta, anaukoboa, anaupeleka Ifakara, na kila msimu wa mavuno anazunguka vijijini na fedha taslimu kwenye kiroba kama mtu anayekwenda kusaga mahindi. Nimemwambia alipe kwa simu. Anasema wakulima wanachukia makato, na mtandao wenyewe unakuja na kuondoka kama jamaa wa mjini. Basi kazi ya kumchagulia bastola nimetwishwa mimi, ambaye silaha kubwa niliyowahi kumiliki ni manati.

“Shemeji, nataka ndogo,” aliniambia kwa kunong’ona. “Ya kufichika. Hata mke wangu asijue.”

Mke wake ni dada yangu. Alikuwa anajua tangu Jumanne.

Angekosaje kujua? Silaha nchi hii hainunuliwi kama jembe. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na ombi linaanzia serikali ya kijiji, linapanda kata, linakwenda wilayani kwenye kamati ya ulinzi na usalama, linaendelea juu mpaka polisi waridhike. Kwa hiyo siri ya shemeji ilisomwa kwa sauti kwenye kikao, katikati ya ajenda ya ng’ombe walioingia mashambani na ajenda ya choo cha shule. Mzee mmoja, mtu wa enzi za gobole, akaomba kuuliza swali.

“Tembo wakishuka, utawatisha na hicho?”

Shemeji akajibu kuwa si ya tembo, ni ya vibaka. Mzee akasema vibaka hawajamlia shamba hata siku moja. Kikao kikacheka, muhtasari ukaandikwa.

Nami nikaanza kusoma. Kuna Glock 19 ya kule Austria, risasi 15, ikijazwa inakaribia kilo moja. Kuna mdogo wake, Glock 43, nyembamba, magazini yake risasi 6. Kuna Makarov ya Mrusi, risasi 8, chuma kitupu, na kuna Walther PPK iliyotoka mwaka 1931, ile ya James Bond. Shemeji akaipenda hiyo ya mwisho papo hapo. Nikamkumbusha kwamba Bond hapandi bodaboda. Nikampendekezea ile nyembamba.

“Risasi sita? Wakija vibaka saba?”

“Wa saba mwambie arudi kesho.”

Lakini bastola ndiyo rahisi. Shughuli iko kwenye ala yake. Ya kuvaa kwapani inadai koti, na kwa joto la bonde la Kilombero koti huvaa bwana harusi na marehemu. Ya kufunga kifundoni inafaa mtu wa lami. Shemeji yeye anashinda kwenye majaruba na gambuti. Ya kuning’inia nje ya mkanda itamwita kila kibaka, na askari pia. Imebaki ya kuvaa ndani ya suruali, ambayo inataka suruali iongezwe namba moja, mkanda mgumu usiolegea, na tumbo lenye nidhamu. Hapo pa tumbo nilinyamaza. Ni shemeji yangu.

Jambo moja tu sikumwachia achague. Alikuja na kimfuko laini cha kitambaa, kinauzwa rahisi. Nikakikataa. Glock haina kitufe cha pembeni cha kuizuia isifyatuke, kwa hiyo ala lazima iwe ngumu na ifunike triga yote, mkunjo wa shati au funguo visiingie. Kimfuko kinajikunja na triga ndani yake. Pale inapokaa, shemeji, makosa hayarekebishiki.

Tukaamua ajaribu kwanza na bastola ya mti. Fundi seremala akatuchongea kipande cha mninga kwa vipimo, akatuuliza ni ya ile bastola ya kwenye kikao? Shemeji akakichomeka kiunoni, akaachia shati nje. Siku ya kwanza, kwenye bodaboda, kila shimo la barabara lilimsukumia mninga mbavuni. Siku ya pili jasho lilishika shati, bastola ikajichora yote, mpaka mdomo wake. Watoto wakampigia saluti.

Siku ya tatu tulikuwa mashineni. Mkulima alileta lumbesa, shemeji akainama kukagua mshono wa gunia, mkanda ukalegea. Mninga ukapita ndani ya suruali, ukatokea chini, ukadondokea kwenye mizani. Mpimaji, bila kuinua macho, akasoma uzito mpya. Kina mama waliokuwa wakipepeta wakanyamaza. Mmoja akainuka, akaokota, akaupangusa kwa ncha ya kanga na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote:

“Shemeji, bastola yako hii.”

Ubishi ukazuka si kuhusu silaha, bali kama gramu za mninga zikatwe kwenye hesabu ya mpunga. Zilikatwa.

Kibali chenyewe bado kiko wilayani. Leo asubuhi muuza chapati wa karibu na stesheni ya TAZARA ameniuliza kama kimeshatoka, na kama tumeamua ile ya risasi sita.