Umeme Aliondoka Machi

Aprili 2025, mvua ya Kampala iliangusha tawi la mwembe juu ya waya wa jengo letu pale Wandegeya, ofisi ikalala giza. Kulipokucha nikampigia askari wa zamu.

"Umeme umerudi?"

"Umeme aliondoka Machi, ssebo. Sasa ni UEDCL."

Hakuwa akitania. Kwake Umeme ni ile kampuni ya usambazaji iliyokaa miaka 20, mkataba ukaisha tarehe 31 Machi, UEDCL ikashika nafasi yake. Kitu chenyewe yeye hukiita amasannyalaze. Tulipoelewana akasema taa zinawaka tangu alfajiri na lile "friji" langu la stoo linanguruma. Nikashusha pumzi, nikaagiza rolex, chapati ya kuviringishiwa mayai mawili.

Friji hilo ni seva ya SACCO ninayoihudumia: chuma kimoja, ndani yake wapangaji wanne, yaani seva pepe. Chuma nilikiamuru kiwake chenyewe umeme ukirudi. Wapangaji sikuwaambia kitu. Katika Proxmox, programu inayoziendesha, seva pepe haiamki pamoja na mwenyeji wake mpaka uitilie tiki mahali pake. Usipotia, italala fofofo huku mwenye nyumba akinguruma ukumbini kama mtu mwenye shughuli. Miaka mitatu nilikuwa nikiwaamsha kwa mkono, nikijiona fundi.

Meneja alipiga simu rolex ikiwa nusu. Wanachama wako foleni, akiba ya mtu haionekani. Boda, matope, ngazi. Nikawaamsha watatu wanaofanya kazi, kisha kwa hasira nikawatia tiki wote wanne.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika tena, ukarudi saa tisa usiku. Programu ya akiba ikaamka kabla ya databesi, ikabisha hodi, haikujibiwa, ikanuna. Hilo dogo, ni kuwapa namba tu, databesi awe 1, asubiriwe sekunde 60, ndipo wengine wafuate. Balaa lilikuwa mpangaji wa nne, seva ya majaribio niliyoizima 2021 na kuisahau, ikiwa na nakala ya vitabu vya mwaka huo. Ilifumbua macho, ikatazama kalenda, ikaona miaka minne imepita na hakuna aliyelipa hata shilingi. Ikawatumia wanachama SMS za kuwadai. Na riba juu.

Saa mbili asubuhi mzee mmoja alikuwa mlangoni na kavera, mfuko wa plastiki, lililojaa risiti. Akazipanga mezani moja moja, ya mwisho ya Desemba 2022, bila kusema neno. Meneja akanigeukia.

"Ssebo, nani amewadai watu usiku?"

Nikasema ni umeme.

"Umeme aliondoka," askari akanisahihisha kutoka mlangoni.