Dakika Tano za Povu

Ukijikuna kichwa ndani ya matatu ya Juja Road, abiria wa kiti cha nyuma atakupangusa mabega bila kuombwa, na kabla hujashuka Mlango Kubwa utakuwa umepewa dawa mbili na namba ya simu ya mganga. Mathare hakuna ugonjwa wa mtu mmoja.

Wangu ulianza Julai, baridi ya Nairobi ilipokaza. Magamba ya manjano yenye mafuta yakanata kwenye nywele, yakashuka nyusi, yakaingia nyuma ya masikio, na shati jeusi likawa nguo ya watu wengine. Kinyozi wangu wa Mabatini, anayeamini kwamba unyozi na udaktari ni kazi moja, alizima mashine akatangaza: "Buda, haya ni mashilingi." Mteja aliyekuwa akingoja zamu akasogeza kiti. Kisha nikamwagiwa spiriti. Aliyewahi kumwagiwa spiriti juu ya ngozi iliyokunwa hataniuliza kwa nini nilifika barabarani na shuka la kunyolea bado liko shingoni.

Mama muuza chapati akasema ni ukavu tu, nipake mafuta ya nazi. Jirani akashauri mafuta ya taa, na nashukuru kwamba wiki hiyo yalikuwa yamepanda bei. Mama mzazi, kwa simu kutoka nyumbani, akaamua ni jicho la watu: niende nikaombewe. Nikaenda. Mchungaji hakuwa bahili. Mafuta ya upako, zeituni safi, yalitiririka hadi kwenye kola. Jumapili iliyofuata magamba yalikuwa yamestawi kama sukuma wiki ya msimu wa mvua.

Daktari wa kliniki alisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye zeituni, akalazimika kuweka kalamu chini. Kumbe chanzo ni kuvu iitwayo Malassezia, jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyeieleza mwaka 1874. Karibu kila binadamu anaishi nayo kwenye ngozi, na chakula chake ni mafuta. Wengi haiwasumbui, wengine, mimi nikiwemo, ngozi hukasirishwa na mabaki ya mlo wake, ikavimba, ikawasha na kubanduka ovyo. "Na unajua maabara wakitaka kuifuga huiwekea nini?" akauliza. "Mafuta ya zeituni."

Akasema pia kwamba si uchafu, na haiambukizi. Nilimwomba aandike hayo kwenye karatasi na kugonga muhuri, nimpelekee kinyozi. Hakuandika. Ila alinipima virusi vya ukimwi, kwa kuwa hali hii huwa kali zaidi kwa wenye kinga iliyopungua. Majibu yalikuwa safi, lakini jirani aliyeniona kwenye foleni alikuwa ameshaanza kunisalimia kwa sauti ya matanga.

Dawa yenyewe ilikuwa shampuu ya ketokonazoli, asilimia 2, ya kemisti. Maelezo: paka kichwani, acha dakika tano, suuza vizuri, mara mbili kwa wiki. Aliyeandika hivyo hajawahi kuishi kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili na bafu moja. Hapo dakika tano ni muda wa watu wawili kuoga na wa tatu kutukana. Na "suuza vizuri" ni mtungi mzima wa lita 20, ambao kwetu ni shilingi tano mifereji ikiwa na huruma na hata ishirini ikikauka.

Saa sina, hivyo nilipima muda kwa redio ya jirani: taarifa fupi ikianza napaka, wakifika kwenye michezo nasuuza. Mpango ulikwenda vizuri hadi jioni moja stima zilipopotea katikati ya habari za bungeni. Nikasimama gizani na povu, nikikadiria wabunge wangekuwa wamefika wapi. Mlango wa mabati ukagongwa. "Kwani unaoga ama unafua?" Nikanyoosha mkono nje kuchukua mtungi wangu, nikashika hewa. Mtu alikuwa ameuazima. Nilizunguka uani na taulo kiunoni, jicho moja limefumbwa, nikiuliza maji ya nani yanachemka jikoni kwa nani, huku watoto wakinifuata kwa shangwe.

Lakini povu la siku hiyo lilikaa zaidi ya dakika tano, na sikusikia kichwa kikilalamika. Baada ya majuma machache mwasho ulikuwa umetulia, nyusi zimerudi kuwa nyusi, na kinyozi alijisifia spiriti yake mbele ya wateja.

Nikampigia mama. Nikamweleza kwamba sasa natumia shampuu mara moja tu kila wiki mbili, ili ugonjwa usirudi, maana hutulizwa lakini hauishi kabisa.

"Hauishi?" akasema. "Mwanangu, hiyo si dawa. Hiyo ni kodi ya nyumba."

Nikamwambia kodi angalau ni ya kila mwezi.